Besi na Ukuta wa Jirani

Kuna kelele zinazoingia sikioni na kuna nyingine zinazoingia nyumbani. Sisi wakazi wa Nyangoto tunaijua tofauti hiyo bila kufundishwa shuleni. Mbuzi akilia unamsikia, ukifunga dirisha humsikii tena. Lakini baruti inapolipuliwa mgodini mchana, hata aliyeziba masikio kwa vidole anajua, kwa kuwa habari humfikia kupitia nyayo. Ndivyo yalivyo pia makarasha, zile mashine za wachimbaji wadogo za kusagia mawe ya dhahabu, ambazo mtu anaweza kulala kitandani usiku akahesabu mapigo yake kwa mbavu. Sikukusudia kuandika habari za mgodi wala za dhahabu. Walioandika juu ya mambo hayo ni wengi, na baadhi yao wanajua wasemalo. Nataka kuandika habari za sanduku moja jeusi lililoko chumbani kwangu, na swali ambalo sanduku hilo limenitwisha, nami sijalitua mpaka leo.

Sanduku lenyewe ni sabufa. Neno hili kwetu limekwisha kupanuka maana. Ukisikia fulani kanunua sabufa, usidhani amenunua spika moja ya kutoa besi. Amenunua seti nzima, yenye redio, yenye mahali pa kuchomeka flashi, na taa zinazomemeta rangi tatu kama gari la harusi. Ya kwangu haina taa. Ni spika moja pana, ndani ya sanduku zito, nayo haitoi ila milio ya chini kabisa, ile ambayo spika zangu mbili ndogo za mezani haziwezi kuifikia. Sabufa ya sebuleni imetengenezwa ili impendeze mwenye nyumba. Hii ya kazi imetengenezwa ili imwambie kweli, hata kama kweli yenyewe haimpendezi.

Nina chumba cha uani chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Ndani yake mna kompyuta, maikrofoni mbili, na magodoro mawili ya zamani niliyoyagongomea ukutani. Wateja wangu ni kwaya za makanisa, vijana wa bongo fleva wanaokuja na nyimbo zao kwenye simu, na mara chache wazee wapiga litungu. Hao wazee ndio ninaowapenda zaidi, ingawa ndio wanaolipa kidogo zaidi. Litungu la Wakurya ni chombo kizito: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili iliyoinuka, mti wa kukingama juu, na nyuzi nane. Jirani zetu Wakisii ng'ambo ya mpaka wanalo la kwao la jamaa hiyohiyo, liitwalo obokano. Kinubi cha watu wengine huimba, litungu hunguruma. Mpigaji akigusa uzi ule wa chini kabisa, aliyekaa karibu naye husikia kifuani kabla hajasikia sikioni.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mzee mmoja kurekodi. Tulirekodi usiku, kwa sababu mchana hapana utulivu: pikipiki, watoto, mafundi vyuma. Mzee alipiga hadi karibu na saa saba, akanywa chai, akaenda zake. Nikauchanganya wimbo kwa siku mbili kwa kutumia spika zangu ndogo, nikaridhika, nikampa, na yeye akawagawia wanawe, nao wakawagawia wengine kama ilivyo desturi.

Baadaye nikaalikwa harusini, ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Wilaya ya Serengeti. Mpiga muziki alikuja na spika zenye urefu wa mtu. Ukapigwa wimbo wa yule mzee, na yeye mwenyewe alikuwapo, amekaa mstari wa mbele na fimbo yake. Nyuzi zilisikika vizuri, sauti yake ilisikika vizuri, lakini chini ya vyote hivyo kulikuwa na ngurumo isiyokatika, du-du-du-du, isiyofuata mwendo wa litungu wala wa mtu yeyote. Watu waliendelea kucheza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita kwa kidole. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza:

“Mura, ile ngoma ya chini ni ya nani?”

Sikuwa na jibu la kumpa pale. Nililipata nilipofika nyumbani na kufikiri. Ilikuwa ni karasha. Usiku ule wa kurekodi, karasha lililoko nyuma ya mtaa wetu lilikuwa likifanya kazi, na mtetemo wake ulipita ardhini, ukapanda kwenye sakafu, ukaingia kwenye mguu wa maikrofoni na kukaa ndani ya wimbo wa mzee kama kupe ndani ya sikio la ng'ombe. Mimi sikuusikia kwa kuwa spika zangu haziwezi kutoa mlio wa chini kiasi kile, na masikio yangu yalikuwa yamekwisha kulizoea karasha lenyewe. Nikaupeleka kwa watu nikiwa na moyo safi kabisa.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali la kwanza. Je, mtu hubeba lawama kwa jambo asilolisikia? Muuza duka ambaye mizani yake imeharibika naye hajui, si mwizi. Wengi tutamwachia. Lakini siku mteja anaporudi na kilo yake pungufu, na kuipima mbele yake kwenye mizani ya jirani, kutojua kwake kumekwisha muda. Akiendelea kuuza kwa mizani ileile, hata kama mkono wake hautetemeki, ameanza kuwa mtu mwingine. Niliona mimi nimekwisha kurudishiwa kilo yangu, tena mbele ya watu. Nikauza ndama dume mmoja, nikaongeza na akiba kidogo, nikaagiza sabufa kutoka Mwanza.

Nisimfiche msomaji kwamba wiki za mwanzo nililewa. Nilikuwa ninafungua nyimbo za watu mashuhuri na kusikiliza tu, kama mtoto aliyepewa baiskeli. Na kwa kuwa besi ni tamu, niliiongeza, na kwa kuwa nimeizoea niliiongeza tena. Matokeo yake yalikuwa kinyume kabisa cha nilivyodhani. Nilipochanganya nyimbo, chumba changu kilijaa besi kiasi kwamba kila mara nilijiona nimezidisha, nikawa ninaipunguza ndani ya wimbo. Vijana wakaanza kurudi na malalamiko: nyimbo zao kwenye magari zinasikika kama mifupa isiyo na nyama. Nilichojiongezea mimi katika chumba ndicho nilichokuwa nikiwapunja wao katika wimbo. Nilikaa nikalitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, maana nimewaona watu wengi wenye tabia hiyo ambao hawajawahi kushika mtambo wa muziki. Aliyeshiba haoni haja ya kuongeza ugali kwenye sufuria.

Nikaipunguza sabufa, nikadhani nimepona. Bado. Kijana anayenisaidia kazi huketi kwenye benchi lililoegemea ukuta wa nyuma, mimi huketi katikati ya chumba. Yeye akawa anasema besi imezidi, mimi nasema haipo. Tulibishana hadi siku moja tukabadilishana viti, kila mmoja akaanza kusema maneno ya mwenziwe. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Mlio wenye mitetemo 43 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa mita 8, yaani mara mbili ya urefu wa chumba changu. Wimbi la namna hiyo linaporudishwa na kuta mbili zinazotazamana hujikusanya kwenye kuta na kujifuta katikati. Mimi bwana mkubwa, kwenye kiti changu cha uamuzi, nilikuwa nimekaa mahali hasa ambapo kweli hujifuta.

Dawa inayojulikana na mafundi ni ya kuchekesha. Unaiweka sabufa mahali unapoketi wewe, kisha unatambaa sakafuni kwa magoti pembeni mwa chumba, ukisikiliza ni wapi besi inasikika sawa bila kuvimba wala kufifia. Hapo ndipo utakapoihamishia. Nilitambaa. Mke wangu alifungua mlango akanikuta hivyo, mtu mzima mwenye mvi, akaufunga tena bila neno. Kiti nacho nikakisogeza kutoka katikati. Tangu siku ile besi ninayoisikia ni ile iliyomo ndani ya wimbo, au niseme inakaribia kuwa hiyo, kwa sababu chumba kisichosema uongo hata kidogo sijawahi kukiona.

Hadi hapo mtu angeweza kufunga hadithi kwa kusema fundi alipata chombo cha haki, akajifunza unyenyekevu, akafanya kazi yake vizuri. Nami niliifunga hivyo moyoni mwangu kwa muda wa wiki tatu.

Upande wa ukuta wa nyuma anaishi mama mmoja mzee, mjane, pamoja na mjukuu wake. Nyumba zetu zimeachana kwa nafasi ya kupita mtu na ndoo. Ni mtu wa kanisani, mpole, wa kukuletea mahindi ya kuchoma bila kuulizwa. Asubuhi moja nilimkuta anaanika mtama, nikamsalimu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapo kwako?”

“Hatujambo. Mnaendeleaje?”

Akasema wanaendelea vizuri, isipokuwa yeye alikuwa amekwenda zahanati mara mbili. Presha yake anayo siku nyingi, dawa anakunywa, lakini sasa usiku moyo umeanza kumpiga vibaya. Anasikia dundo ndani ya kifua, linakwenda kwa nguvu, linasimama ghafla, kisha linaanza tena. Mara ya kwanza lilipotokea alimwamsha mjukuu wakasali pamoja. Zahanati wamempima, wamesema moyo hauna neno jipya. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameshamwonyesha mjukuu mahali alipoweka hela ya sanda.

Nikamuuliza, ni saa ngapi hasa linaanza? Akasema, kama saa nne hivi, na huacha kama saa sita.

Msomaji ameshajua. Mimi pia nilijua hapohapo, na nakiri kwamba sikumwambia. Nilisema “pole sana, mama,” nikaingia ndani. Saa nne hadi saa sita usiku ndio muda wangu wa kuchanganya nyimbo. Dundo linaloanza na kusimama ghafla ni mimi, ninarudia kipande kilekile cha wimbo, ninasimamisha, ninarekebisha, ninarudia. Kwa wiki tatu jirani yangu alikuwa anajiandaa kufa kwa sababu ya ngoma ya bongo fleva.

Ipo habari nyingine ninayopaswa kuiongeza ingawa inaniaibisha. Mwaka uliotangulia, mimi ni mmoja wa watu tuliopeleka barua ofisi ya kijiji kulalamikia lile karasha. Tulikutanishwa na mwenye karasha, naye alikuja akionekana kushangaa kweli. Alisema, “Mbona mimi nalala palepale na silisikii?” Tulimcheka. Nilisema siku ile, nikiwa nimesimama, kwamba mtu hawezi kuwa hakimu wa kelele zake mwenyewe. Maneno yalipendeza, watu wakapiga makofi.

Nilipokuwa ndani nilitafuta njia za kujitetea, na kwa kuwa mimi ni msomaji wa vitabu sikukosa. Nilijiambia kwanza kwamba sikuwa ninapiga muziki kwa sauti kubwa. Na ni kweli. Ukisimama nje ya dirisha langu usiku ungesikia kitu kidogo tu. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni zake za mwaka 2015 zinazohusu kelele na mitetemo. Nilikuwa na hakika mtu akija na kipimo atakiona kiwango changu ni cha kawaida. Ila ninavijua vipimo hivyo vinavyofanya kazi. Kile kinachotumika zaidi duniani kimetengenezwa kuiga sikio la binadamu, na kwa kuwa sikio letu ni zito kwa milio ya chini, kipimo nacho huipunguzia hesabu. Kwenye mlio wa mitetemo 50 kwa sekunde hutoa karibu desibeli 30 nzima. Kwa hiyo inawezekana kipimo kiseme pametulia na mto wa mtu uwe unatikisika. Ningeshinda mbele ya kipimo, na mama yule angeendelea kutafuta sanda.

Nikajiambia tena kwamba nimeweka magodoro ukutani. Huu ni ujinga ambao mafundi wengi tunao, sisi na wale wenzetu wa trei za mayai. Godoro hupunguza mwangwi wa sauti ndani ya chumba, na hilo ni jema. Lakini ili limeze sawasawa wimbi la mita 8 lingehitaji unene wa kiasi cha mita 2, na hapo chumba changu kingekuwa godoro tupu. Kinachozuia besi isipite ni uzito, kuta nene tena mbili zisizogusana, na jambo hilo ni la mtu mwenye hela za mgodi.

Basi nikajiambia nipunguze sauti. Hapa ndipo pagumu hasa, na napenda msomaji asidhani ni ukaidi. Mwaka 1933, Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walipima na kuonyesha kwamba sauti yote inapopungua, besi humpotea msikilizaji mapema kuliko milio mingine. Anayechanganya wimbo kwa sauti ya kunong'ona ataiona besi ni haba, ataiongeza, na wimbo utavimba. Ili niihukumu besi kwa haki lazima isikike kwa kiasi chake. Na ikisikika kwa kiasi chake, inavuka ukuta. Haki ya mzee wa litungu na usingizi wa mama huyu vilikuwa vimewekwa kwenye waya mmoja.

Immanuel Kant, yule mwanafalsafa wa Königsberg, ana maneno juu ya jambo hili ambayo watu hawayasemi sana. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uwezo wa kuhukumu anaushitaki muziki kwamba umepungukiwa na adabu: hueneza nguvu yake mbali kuliko unavyotakiwa, ukajilazimisha kwa majirani, mfano wa mtu anayetoa leso yenye manukato mfukoni na kuwafanya wote waliomzunguka wanuse watake wasitake. Picha ukiichoka unageuza macho. Miaka sita kabla yake alikuwa amelalamika kwa mkuu wa mji kwa sababu ya wafungwa wa gereza lililokuwa karibu na nyumba yake, ambao nyimbo zao za dini zilimsumbua anapofikiri. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliwaonea huruma wafungwa. Maskini, walikuwa na nini kingine? Sasa nimekuwa simwelewi vizuri aliye mfungwa na aliye mwanafalsafa katika mtaa wetu. Na hata Kant hakujua sabufa. Leso ya manukato angalau unajua ni leso. Ukikasirika unamtazama mwenye nayo. Besi yangu ilimfikia mama yule bila jina, ikavaa sura ya moyo wake mwenyewe.

Siku ya tatu ndipo nilipokwenda. Nilimwambia yote. Sikuomba msamaha kwa maneno mazuri, nilisema tu, “Mama, lile dundo ni langu.” Alinyamaza kidogo, akauliza, “Lako vipi?” Nikamweleza. Hakukasirika, na heri angekasirika. Alicheka sana, akashika kifua, akamwita mjukuu amsimulie. Kisha akaniambia, “Basi nenda ukapige, mimi nikae na wewe hapa nisikie.” Nikamwambia siwezi kupiga na kukaa hapa kwa wakati mmoja. Akasema, “Mtume kijana.”

Hivyo ndivyo nilivyokaa kwenye kitanda cha jirani yangu, mchana, nikiusikiliza wimbo nilioutengeneza mwenyewe. Sikuutambua. Ukuta ulikuwa umechukua kila kilicho kizuri: maneno, nyuzi, kinanda, hata sauti ya yule binti niliyekuwa nikijivunia. Vilivyovuka ni mapigo, mazito, yasiyo na sababu. Mwenye muziki hufikiri jirani anausikia muziki wake kwa udogo. Jirani hausikii kabisa. Anasikia kitu kingine ambacho mwenye muziki hajawahi kukisikia. Nilikaa pale labda dakika kumi. Nilikuwa nimesema kijijini kwamba mtu hawezi kuwa hakimu wa kelele zake, na bado sikuwahi kufikiri kwamba mahali pa kuketi huyo hakimu ni hapa, kwenye kitanda cha kamba, karibu na chupa ya dawa za presha.

Kijana wangu ana neno lake katika shauri hili, nalo si dogo. Anasema tuiuze sabufa. Wasikilizaji wa Nyangoto, na wa Tarime nzima, wanasikiliza kwa simu, na spika ya simu haiwezi kutoa hata robo ya milio ile tunayoigombania. Anajua pia, kwani nilimfundisha mimi, kwamba ubongo wa mtu ukipewa milio ya juu inayoambatana na mlio wa chini, hujaza wenyewe ule wa chini usiokuwapo. Humkopesha msikilizaji kile ambacho simu imeshindwa kulipa. “Sasa mzee,” ananiuliza, “tunamnyima bibi usingizi kwa sababu ya besi ambayo watu wenyewe hawaisikii?”

Nimejaribu kumjibu kwa kumkumbusha kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zetu za dansi zilirekodiwa pale miaka mingi, na sisi wa vijijini tulizisikiliza kwa redio za mkulima zenye spika ya ukubwa wa kiganja. Gitaa la besi tulikuwa tunalikisia. Waliorekodi hawakusema kwamba kwa kuwa hatusikii basi wasihangaike. Na baadaye, baadhi ya kanda zile zilipotolewa tena katika CD huko ng'ambo, gitaa la besi lilikuwamo, limekaa mahali pake, likimsubiri mwenye chombo cha kulisikia. Ninafanya kazi na wazee ambao vyombo vyao vina watoto wachache wa kuvirithi. Mtu atakayesikiliza litungu la mzee wangu miaka 40 ijayo, simjui atakuwa na chombo gani. Sitaki auulize wimbo ule swali nililoulizwa mimi harusini.

Kijana husikiliza, halafu husema, “Huyo wa miaka 40 hajazaliwa. Bibi yupo.” Naona ananishinda. Siku nyingine naona nimemshinda mimi, lakini huwa ni siku ambazo bibi yumo safarini.

Tumefika mahali fulani, ingawa sidhani panastahili kuitwa suluhisho. Sabufa nimeiinua kutoka sakafuni nikaiwekea vipande vya mpira wa tairi chini yake, na hilo limepunguza kidogo mtetemo unaopita ardhini; ule wa hewani haujali tairi. Usiku nachanganya kwa kuvaa spika za masikioni, ambazo zina uongo wao wa namna nyingine. Milio ya chini nimeiacha iwe kazi ya mchana, kwa muda mfupi, baada ya kuuliza. Kazi zinachelewa. Wateja wawili wamehamia kwa fundi mwingine mjini, na mmoja wao alikuwa mlipaji mzuri. Kuhusu lile karasha, nimeshindwa kwenda tena ofisi ya kijiji. Nilikwenda kwa mwenyewe, nikamwomba aje alale usiku mmoja kwenye chumba changu cha uani. Amesema atakuja. Hajaja.

Yule mzee wa litungu alirudi mwaka huu ili turudie wimbo wake. Nimemaliza kuurekodi, mchana, siku ya mazishi makubwa mtaani ambapo karasha lilisimamishwa kwa heshima ya marehemu. Umebaki kuchanganywa. Jana nilikuwa nimekaa mbele ya mashine, sabufa imezimwa, sijui kama nianze, mjukuu wa jirani akachungulia mlangoni.

“Bibi amesema anakwenda mnadani. Atarudi saa tisa.”

Nikaangalia saa. Ilikuwa saa saba na robo. Nikainama nikawasha.